Betri Katikati ya Uwanja

Hapa Maganzo hadi leo wapo watu wazima, wenye akili zao, wanaosema kwamba Mwahija binti Nassibu aliweza kuzima sauti ya mtu kwa kumtazama tu. Wanasema hivyo kwa sifa, ati wanamtukuza marehemu. Mimi nikisikia napandwa na hasira mpaka kichwa kinaniuma. Miaka yote tuliyokaa baraza moja, yeye na redio zake, mimi na cherehani yangu, mwanamke huyo alipigana na maneno ya namna hiyo, na sasa kwa kuwa hawezi kujibu wanamvisha kwa nguvu. Basi nitasema mimi Zuwena, niliyekuwepo, na asiyependa azibe masikio.

Baba yake alikuwa Mmanyema wa Ujiji aliyeifuata reli mpaka Shinyanga, mama yake Msumbwa. Akaolewa na Akida, fundi wa waya za simu za stesheni. Hiyo ni miaka ya sitini. Simu na kengele za stesheni ziliendeshwa kwa betri zilizopangwa kwenye rafu, na Akida alikuwa na tabia ya kurudi nyumbani na vyombo vibovu kuvitengenezea mezani baada ya chakula. Mkewe akikaa karibu, akishika taa. Mwisho akawa anashika koleo, na taa anashika Akida.

Akida alipofariki, ndugu zake walikuja na kikapu cha kubebea vifaa. Mwahija alikuwa ndani, amevaa nguo za eda, mtoto wao Majaliwa bado ananyonya. Akawaambia kupitia mlangoni, "Eda nitakaa kama dini inavyotaka. Koleo siachi." Wakabisha, wakatafuta na mzee wa kuja kumlainisha. Mzee akarudi na kikapu kitupu. Eda ilipokwisha akafungasha, akaja Maganzo, kwa sababu wachimbaji wa almasi wa hapa ni watu wanaonunua redio kabla ya godoro.

Kutwa nzima alikuwa ameinamia bodi, vile vibao vya ndani ya redio vyenye vidude vilivyogandishwa kwa lehemu. Moshi wa lehemu ukimwingia machoni. Macho yakawa mekundu, na hayakurudi tena meupe. Na upande wetu huu usiombe uwe mwanamke mwenye macho mekundu. Watu hawakuulizi kazi yako. Wanahesabu tu misiba ya mtaani na kukutazama kama mchawi.

Baada ya vita vya Kagera, madukani palibaki kaunta na muuzaji. Sabuni hakuna, sukari hakuna, betri za redio ndiyo kabisa. Watu walianika betri zilizokufa juu ya bati, wengine walizichemsha kama viazi. Mama Majaliwa, maana ndivyo tulivyomwita, alijipatia betri moja ya lori, ikichajiwa na madereva wa pamba waliokuwa wakipita na kurudi, na kwa betri hiyo aliimbisha redio za baraza zima. Si kazi ya kuchomeka tu. Redio hii inataka volti sita, ile tisa, nyingine inanguruma ikiwekwa karibu na mwenzake. Alizipangia kila moja njia yake, na mahali pa kila moja aliweka fyuzi, ili ikiharibika ife peke yake, isiwavute wenzake. Alikuwa akiongea nazo pia, na kwa kuzitukana. Mimi nilikuwa nacheka mpaka napotoa mshono.

Sasa ngoma. Msukuma anajua, lakini asiyejua aelewe. Kuna vyama viwili vya ngoma vya tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu, na mtu akizaliwa huku au akiingia huku ni wa huku. Pamba ikishavunwa wanashindana. Hawapokezani zamu kama watoto wa shule. Wanacheza wote kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila chama upande wake, na hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu. Jua likienda kuzama, chama chenye umati ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anatafuta kitu cha kuvuta watu, nyoka, fisi wa mbao, nguo nilizowashonea mimi, na zaidi ya vyote dawa. Ukishinda, dawa yako ni kali. Ukishindwa, mtu kakuuza.

Mwaka huo, themanini na tatu, Nkwabi, manju wa Wagalu wa kijiji kimoja upande wa Kishapu, alikuja barazani kwetu kuomba spika. Alitaka sauti yake ifike kisimani. Kabla hajafika nyumbani kwake, Maganga, manju wa Wagika, naye akatokea. Hakutaka spika, alitaka Nkwabi asiwe nayo, na kama anayo, basi na yeye awe nayo. Mama Majaliwa akawaambia atawafungia wote wawili kwa betri yake moja. Akaunda seti mbili, kila moja na bodi mbili: ndogo ya kupokea maikrofoni na kubwa ya kusukuma spika ya tarumbeta. Bodi nne, betri moja, na waya mwembamba wa taa, kwa kuwa mwingine haukuwepo.

Siku ya Saba Saba tukaenda, mimi na nguo zangu, yeye na mitambo yake. Alitaka betri ikae katikati ya uwanja, baina ya vyama. Katibu wa tawi, bwana mmoja aitwaye Valerian, akakataa. Alitaka betri ikae mezani pake, chini ya turubai, karibu na maikrofoni ya mgeni rasmi.

"Ikikaa hapa, waya utakuwa mrefu," Mama Majaliwa akamwambia. "Utapita kwa Wagika halafu ndiyo ufike kwa Wagalu. Wa mwisho atabaki na njaa."

"Mama, mgeni rasmi atakaaje mbali na mtambo? Watu wataonaje?"

Lori lilikuwa la Valerian, turubai la Valerian, na wageni wameshaanza kuketi. Mama Majaliwa akanyamaza, akafunga waya kama alivyoambiwa. Hilo la kunyamaza lilikuja kumkereketa kuliko jambo lolote nililowahi kuliona likimkereketa.

Hotuba zilisikika vizuri. Ngoma zilipoanza, balaa likaanza. Maganga akiwa kimya, Nkwabi anasikika mpaka kisimani. Maganga akifungua mdomo na ngoma zake zikapiga, sauti ya Nkwabi inadidimia, inakwaruza, inakata. Maganga akinyamaza kuvuta pumzi, Nkwabi anafufuka. Mara ya kwanza Maganga mwenyewe alishtuka, nilimwona. Mara ya pili akaelewa bahati aliyopata, akainua usinga wake kuelekea upande wa Wagalu kabla ya kuimba. Nkwabi akakata. Umati ukapiga yowe na kumiminika kwa Wagika. Mama Majaliwa alikuwa anajaribu kupenya kufika kwa Valerian, anapiga kelele kwamba ni waya, ni waya, lakini nani amsikie katikati ya ngoma zile? Alipomfikia, Valerian alimcheka. Akamwambia sherehe imefana.

Sisi tukarudi Maganzo. Maganga akapanda chati. Wakaanza kumwita mpaka Geita, mpaka Chato, manju mwenye dawa ya kumeza sauti.

Kisha siku moja asubuhi mama mmoja wa makamo akaja barazani, amejifunika kaniki, miguu imejaa vumbi la safari. Mama Majaliwa akainua kichwa kutoka kwenye bodi yake.

"Shikamoo, mama."

Yule mama hakuitikia. Alikaa chini palepale, juu ya mawe ya ngazi, akaanza kulia. Tukamwacha mpaka akamaliza. Ndipo akasema, "Marahaba," polepole, kama mtu anayeonja uji baada ya ugonjwa mrefu.

Jina lake Limi. Alikuwa mjane, mtunza moto wa ngoma wa Wagalu. Ngoma za ngozi hulegea, na zikilegea huwekwa karibu na moto zikaze, kwa hiyo mtunza moto si mtu mdogo. Siku ya Saba Saba alikuwa anapeleka makaa kwenye kigae, akauruka ule waya wetu. Aliyemwona akakumbuka. Wakakumbuka pia kwamba alizaliwa kwa Wagika kabla hajaolewa kwa Wagalu. Wakayatazama macho yake, mekundu. Kikao kimoja tu kikatosha. Walimtenga. Hasalimiwi, haombwi moto, hapewi moto, na atakayempa maji naye anatengwa. Aliyetamka hukumu ni Nkwabi mwenyewe, mtoto wa shemeji yake, ambaye Limi alimlea kwa mikono yake tangu mama yake alipofariki.

"Sikuja kulia," Limi akasema. "Nimekuja kukuuliza wewe mwenye mashine. Nilipouruka waya wako na moto, nilikata kitu?"

"Hukukata."

"Nani alikata?"

"Mimi," Mama Majaliwa akasema. Akasimama, akaingiza redio mbili kwenye waya mmoja mrefu, ya kwanza huku, ya pili kule mwisho. Akafungulia ya kwanza kwa nguvu, ya pili ikasinyaa. Akapunguza ya kwanza, ya pili ikaimba. "Unaona, mama. Ni kama sinia la ugali linalopitishwa mkono kwa mkono. Wa kwanza akiwa na pupa, wa mwisho anapewa sinia la kuosha. Umeme unachoka njiani, waya ukiwa mwembamba unachoka zaidi. Nilijua hivyo, na bado nilikubali kupanga vibaya."

Limi akatazama redio ya pili. "Kwa hiyo mwanangu Nkwabi alikuwa na njaa tu."

"Njaa tu."

"Na mimi nalala bila salamu kwa ajili hiyo."

Mama Majaliwa alizima redio zote, akachukua kanga yake ya kutokea, akaniambia nifunge cherehani. Tulidandia lori la pamba siku hiyohiyo.

Tulianza kwa Nkwabi. Kijana mrefu, mpole wa sura, akatupatia viti. Mama Majaliwa alimtolea uvivu, akamweleza waya, betri, sinia. Nkwabi alisikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Mama Majaliwa," akasema, "mimi nimeshindwa kwa dawa. Watu wananipa pole. Ukisema nimeshindwa na uzi wa shaba, watanicheka mpaka Geita."

"Na mama aliyekulea?"

Hapo akainamisha uso, akasema kikao kimeshaamua. Nikamtazama nikajua anaamini maelezo yetu. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu akikosa kuelewa unamsamehe, lakini huyu alielewa na bado akachagua aonekane amerogwa.

Tukaenda kwa Maganga. Yeye alicheka kwa furaha, akatukaribisha maziwa. "Wee mama, unataka kuninyang'anya dawa yangu?"

"Dawa gani? Nataka unirudishie kosa langu," Mama Majaliwa akasema. "Nimelifanya mimi, kwa mikono yangu. Wewe umelivaa kilemba, na mwenzetu amevikwa uchawi kwa kosa hilohilo. Sitakubali."

Maganga akaacha kucheka. Akasema kila mtu ana riziki yake, na maziwa tukayaacha.

Valerian ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyeweka ile betri mezani. Akasema mambo ya uchawi ni ya kienyeji, serikali haiyatambui, kwa hiyo hakuna mtu aliyetengwa. Akasema mwezi wa nane vyama vitarudiana, watu wameomba, na Mama Majaliwa alete mtambo kama kawaida. "Na ukileta maneno ya kuchafua sherehe, hutakanyaga uwanja huu tena. Redio za baraza lako nazo nitauliza kibali chake."

"Uliza," Mama Majaliwa akamjibu. "Nami nitaleta mtambo. Nisipouleta utawaambia nini? Waimbe kwa vidole?"

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini asikatae tu. Watakosa spika, adhabu yao. Alinitazama kama niliyempotezea muda. Akasema akikataa, Limi atabaki mchawi na waya utabaki haujulikani. Lazima wauone, akasema. Wauone kwa macho yao wenyewe yaliyo meupe.

Wiki zilizofuata alikuwa anaunda kitu. Alipata vipande viwili vya shaba kutoka kwenye mota iliyoungua, akavipigilia kwenye ubao, kimoja cha chanya, kimoja cha hasi. Kwenye shaba hizo akatoboa mahali pa kufungia waya wa kila bodi, peke yake, na kila njia fyuzi yake. Zile bodi ndogo za maikrofoni alizipa njia zao mbali na zile kubwa, ili kishindo cha ngoma kisizitikise. Waya mpya hakuwa nao. Alisokota ule mwembamba mara mbili mbili ili unenepe, na ili utoshe kwa ufupi wake ilibidi betri ikae katikati. Haikuwezekana kwingine. "Huu ubao haujui katibu ni nani," aliniambia, na alikuwa anatabasamu, jambo ambalo kwake si la kila siku.

Siku ikafika. Ubao ulikuwa umefunikwa kitenge, uko miguuni pangu. Valerian alituelekeza mezani, chini ya turubai, kama Saba Saba, na Mama Majaliwa akasema, "Weka unavyotaka, katibu." Nikashangaa upole huo. Akafunga waya vilevile alivyofunga mara ya kwanza, kutoka mezani kwenda kwenye chama cha kwanza kisha cha pili. Ila vyama vikirudiana hubadilishana upande, hiyo ni desturi yao. Leo karibu na meza walikaa Wagalu. Maganga na Wagika wake walikuwa mwisho wa waya.

Limi naye alikuja. Alikuwa pembeni kabisa ya uwanja, peke yake, amewasha moto wa kinyesi cha ng'ombe na kubandika sufuria. Hakuna aliyesogea upande huo.

Ngoma zikalia. Nkwabi akafungua mdomo, na sauti ya Maganga ikakata. Maganga akainua usinga, akaimba kwa mishipa yote ya shingo, spika yake ikakwaruza kama kuku anayekabwa. Akautazama usinga. Wagalu wakaruka juu wakipiga yowe, dawa yetu, dawa yetu! Na Nkwabi, aliyejua kila kitu, ndiye aliyeruka juu kuliko wote. Umati ukaanza kuhamia kwake.

Ndipo sauti moja ikapayuka kutoka upande wa Wagika, "Ni yule mama wa Maganzo! Mtazameni macho!"

Watu wakageuka. Wasukuma wakija ngomani wanakuja na fimbo zao, na fimbo ile ya kuegemea ndiyo hiyohiyo ya kupigia. Mimi nilianza kulitafuta lori kwa macho. Mama Majaliwa akachukua maikrofoni ya mezani.

"Macho yangu mekundu, ndiyo," akasema, na spika zote zikaitoa sauti yake. "Nachomea lehemu kutwa. Na ya Mama Limi mekundu, kwa sababu anapikia kinyesi cha ng'ombe, kama mama zenu wote, maana miti mmeimaliza. Mlitaka macho yetu yawe rangi gani?"

"Mama, kaa chini," Valerian akamwambia.

"Nilikaa chini Saba Saba. Leo sikai."

Akachomoa waya. Uwanja mzima ukawa kimya, hata waliokuwa wanapiga ngoma waliacha. Akaishika betri ile upande mmoja akajaribu kuinua. Nzito. Kijana mpakizi wa lori akaja kumsaidia, akashika mkono wa pili, kisha akauachia ghafla na kurudi nyuma. Limi alikuwa amekuja. Ametoka kule pembeni, akapita katikati ya watu, nao wakimpisha kama anayewaka. Akashika upande wa pili wa betri. Hakumtazama mtu.

Wakaibeba. Wanawake wawili, betri ya lori kati yao, wanasimama kupumzika na kuendelea, mpaka katikati ya uwanja, pale ambapo siku ya mashindano hapakanyagwi na chama chochote. Mimi nikafuata na ubao kichwani. Valerian alikuwa anaita nyuma yetu, lakini maikrofoni haikuwa na umeme, kwa hiyo alikuwa ni mtu tu anayepiga kelele.

Mama Majaliwa akaukata ule waya mrefu kwa koleo. Akafunua ubao. Akaita, "Maganga! Nkwabi! Njooni hapa." Wakaja, kwa aibu ya kutazamwa. Akanigeukia. "Zuwena, nifunge mikono nyuma."

Nilimfunga kwa ncha ya kanga yake. Akageuka huku na huku, watu wote wakaiona.

"Kama mchawi ni mimi, mikono hii hapa. Kama ni Mama Limi, amesimama pale, hagusi kitu. Fungeni wenyewe. Wa bodi kubwa pale, wa bodi ndogo pale. Nyekundu kwa shaba ya juu. Nkwabi, hiyo siyo ya juu."

Mtu mmoja akacheka. Manju wawili, magwiji wa dawa, wakapiga magoti kwenye vumbi wakikaza skrubu, Maganga kwa kucha, Nkwabi kwa koleo ya Mama Majaliwa aliyoiokota chini. Walipomaliza aliwatuma waende kwenye maikrofoni zao waimbe pamoja, kwa nguvu, bila kupishana. Wakaimba. Sauti zote mbili zikatoka, nzito, safi, huku na huku, na hakuna iliyoyumba.

"Nkwabi, njoo uchomoe wa kwako."

Akachomoa. Wagalu kimya. Maganga akaendelea kuimba kama vile hakuna kilichotokea.

"Rudisha. Maganga, chomoa wako."

Ikawa vilevile kwa upande wa pili. Mama Majaliwa hakuhitaji maikrofoni tena, watu walikuwa wamesogea mpaka karibu na ubao. "Sasa semeni," akawauliza. "Nani kamroga nani? Saba Saba nilipanga waya vibaya. Nilijua, nikakubali, kwa sababu mkubwa alitaka betri ikae mezani pake. Kosa ni langu. Msimpe mama huyu, si lake. Na wewe Maganga usilitie kwenye kibuyu, si lako."

Kilichofuata si kile mnachosikia vijiweni. Watu hawakulia wala kuomba msamaha. Wapo waliotema mate chini wakasema dawa iko ndani ya ubao, na hao ndio baba zao hawa wanaonikera leo. Wapo waliocheka, na kicheko kikaenea. Maganga, mjanja yule, alipoona kicheko kimeshika, akacheka kuliko wote, akatupa usinga wake kwa kijana wake akasema, "Basi leo tushindane kwa koo!" Umati ukampigia yowe kwa neno hilo. Nkwabi hakucheka. Alikuwa amesimama na koleo ya Mama Majaliwa mkononi, hajui aiweke wapi.

Nikamfungua Mama Majaliwa mikono. Akajikalia chini, kwenye vumbi, kando ya ubao. "Nilikuwa naogopa fyuzi," akaniambia, na mimi nikajifanya nimeamini.

Ngoma ziliendelea. Nani alishinda? Wagika wanasema wao, Wagalu wanasema wao, na mimi nguo nilishona za wote wawili kwa hiyo siulizwi. Ninachokumbuka ni baadaye, jua limeshaanza kuelemea, ngoma za Wagalu zikalegea. Kwenye ile purukushani ya kukimbilia katikati, hakuna aliyeangalia moto. Wa kwao ulikuwa umezimika, majivu matupu. Wakatazamana. Wa Wagika hauombwi siku ya mashindano, kwa hiyo uwanjani moto uliobaki ulikuwa mmoja, ule wa pembeni, na mwenyewe alikuwa amesharudi kukaa nyuma yake, anakoroga sufuria.

Mpiga ngoma mmoja akaenda na kigae. Alifika, akainama kuchukua makaa bila kusema neno. Limi akaweka mwiko wake juu ya makaa. Yule kijana akasimama kidogo, akarudi mikono mitupu. Akaenda wa pili, mtu mzima zaidi. Naye mwiko ukamzibia njia. Limi hakuinua uso wala hakukasirika.

Wagika walikuwa wanapiga, umati unaanza kumomonyoka. Nkwabi akaiweka ile koleo chini. Akatembea mpaka pembeni ya uwanja, mbele ya watu wote. Pale akavua kofia yake ya manyoya, akapiga goti.

"Mwadila, mayu."

Ndiyo salamu ya mchana ya Kisukuma, mtoto kwa mama yake. Limi akaendelea kukoroga. Akaonja chumvi. Mimi nilikuwa nasema moyoni, mama, itikia, watu wanaondoka. Mama Majaliwa akanishika mkono akaniambia ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu.

"Mwadila, mayu," Nkwabi akarudia, na safari hii sauti ilimkatika bila waya wowote.

"Mwadila," Limi akaitikia. Akaondoa mwiko.

Nkwabi akanyoosha kigae apokee makaa. Limi akatikisa kichwa. Akasukuma sufuria pembeni, akaongeza kinyesi kikavu, akapuliza mpaka ndimi zikapanda.

"Moto wangu hauendi popote," akasema. "Leteni ngoma."

Wakazileta. Moja baada ya nyingine, na kila aliyeleta yake alisimama kwanza, akamsalimu.